Sahihi za Bi Chiriku na Taa za Kona ya Scipio

Jumanne, tarehe 6 Oktoba 2009. Asubuhi mawingu mepesi, joto la unyevu, upepo kidogo kutoka upande wa vinamasi. Saa saba mchana ilinyesha mvua ya dakika kumi, kisha jua likarudi kama halikuwahi kuondoka.

Mvua ilipokatika, Bi Lurline Bligen alirudi kutoka ofisi ya kaunti na karatasi zake tisa, akazibwaga juu ya meza ya jikoni kwake, akavuta kiti, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wamenirudishia watu kumi na wanne," alisema. "Wanasema hawapo duniani."

Mumewe Wardell, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha na fimbo yake mapajani, alimtazama tu akingoja maelezo. Alijua yatakuja yenyewe.

Lurline alizaliwa hapa hapa Kona ya Scipio, kijiji chetu cha pwani upande wa Charleston, mwaka 1944. Siku aliyozaliwa alilia kwa sauti ambayo mkunga alisema imevuka mto, na tangu siku hiyo akaitwa Chiriku. Alifanya kazi miaka ishirini na saba katika kiwanda cha kuchambua kaa, mpaka kiwanda kikafungwa, kisha miaka kumi na mmoja katika jiko la shule. Waliokaa naye meza moja kiwandani wanasema mikono yake ilikuwa na kasi kuliko ya wote, ila mdomo uliishinda mikono. Penseli yake huichomeka kwenye kilemba, na huitafuta kila mahali isipokuwa hapo.

Kwetu mtoto hupewa majina mawili. La kwanza ni la kapuni, tangu zamani zile mtoto alipokuwa akilazwa kapuni kando ya shamba huku mama akilima. Hilo ndilo ataitwa mpaka afe. La pili ni la kitabuni: la shule, la mahakama na la kaburi. Mtu akija kutoka nje akamuulizia mwenzetu kwa jina la kitabuni, tunajua si ndugu. Ni polisi, au mdai, au mnunuzi wa ardhi. Jibu letu ni moja, kwamba hatumjui. Mara nyingi ni kweli pia.

Sababu ya karatasi zile ni Wardell. Mwezi wa pili mwaka ule, Jumapili jioni, alipigwa na kiharusi akaanguka kwenye ngazi za baraza nyumbani kwake. Gari la wagonjwa liliitwa mara moja, likaja mara moja, na likapita mdomo wa njia yetu mara tatu bila kuuona. Njia haikuwa na kibao wala taa. Ni mialoni tu na giza. Mwishowe mzee Kobe, jirani wa Lurline, mtu wa miaka themanini na mbili, alikimbia hadi barabara kuu na taa ya mafuta akaipunga juu ya kichwa mpaka dereva akasimama. Wardell alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, na maneno yalimtoka moja moja. Daktari alimwambia Lurline waziwazi kwamba likitokea tena, nusu saa ya kupoteza haitakuwepo.

Ndipo Lurline alipoanza kuulizia taa na vibao. Akaambiwa kuna kitu kinaitwa eneo maalumu la kodi. Robo tatu ya wenye viwanja wakitia sahihi, na baraza la kaunti likapitisha, kila kiwanja kinaongezewa kiasi kidogo kwenye kodi ya ardhi ya mwaka, na fedha hizo haziendi kwingine. Zinawasha taa za hapo na kusimamisha vibao vya hapo, basi. Kwetu ilikuja dola thelathini na nane kwa kiwanja. Lurline alisema hiyo ni bei ya keki mbili za harusi ya mtu usiyempenda.

Kona ya Scipio ina viwanja sitini na vinne. Zilitakiwa sahihi arobaini na nane. Kuanzia mwezi wa nane Lurline alipita mlango kwa mlango, jua na mvua, na goti lake bovu. Wanne walimfungia mlango. Tisa wanaishi mbali na hawakujibu barua. Waliobaki, hamsini na mmoja, walitia sahihi, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kabisa, mstari wa juu, ukurasa wa kwanza.

Kosa lake lilikuwa moja. Kila alipofika mlangoni alisema, "Andika jina lako hapa." Na watu wakaandika majina yao.

Karani wa kaunti, Bi Kimbrell, ni binti wa miaka thelathini hivi aliyetoka bara huko kwenye milima. Alikuwa na adabu lakini alikuwa na rula, na kila jina alilipitisha rula kwenye daftari la viwanja; lisiloonekana humo aliliwekea kitone chekundu. Lurline alitusimulia mazungumzo yao neno kwa neno. Bi Kimbrell alikuwa ameuliza Kijiko ni nani. Lurline akajibu kwamba Kijiko ni Kijiko, muulize mtu yeyote. Bi Kimbrell akasema daftarini hamna Kijiko, wala Mchele, wala Usingizi, wala Kobe. Akatoa orodha ya viwanja kumi na vinne, namba na jina la kitabuni la mwenye kiwanja, akasema sahihi zilingane na hayo. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo daftari la kodi linafungwa, na anayetaka taa asubiri mwaka mwingine.

Mwaka mwingine. Lurline aliyasema maneno hayo huku akimtazama Wardell, na kwa mara ya kwanza siku ile hakucheka.

Sahihi zilizokubaliwa zilikuwa thelathini na saba. Zilihitajika kumi na moja zaidi. Katika wale kumi na wanne, wawili walikuwa wamekuja likizo tu na wamesharudi Philadelphia, na mmoja alikuwa amelazwa Charleston na hajitambui. Wakabaki kumi na mmoja kamili. Hakuna hata mmoja wa kukosa.

Shida ikawa kujua nani ni nani. Orodha ilisema Cornelius Frazier, na Lurline, aliyeishi hapa miaka sitini na mitano, hakumjua Cornelius Frazier yeyote. Aliyemsaidia ni Wardell. Kabla ya kuugua alikuwa mwandishi wa chama chetu cha maziko, na daftari la chama lilikuwa na majina yote mawili ya kila mtu, kwa mwandiko wake mzuri, maana kaburini husomwa la kitabuni. Wakakaa mezani, Lurline akisoma namba, Wardell akifunua kurasa kwa mkono wa kushoto.

"Cor-ne-lius," alisema. "M-chele."

"Mchele ni Cornelius?" Lurline alipiga meza. "Na uso ule?"

Walikwenda hivyo, moja baada ya nyingine, Lurline akiweka alama kwa penseli. Walipofika kiwanja namba saba Wardell aliinua kidole akasema, "Sa-ba..."

"Saba ni hapa nyumbani, baba, nimeshaiwekea alama. Twende kumi na mbili."

Wardell alishusha kidole taratibu. Hakuwa na nguvu ya kushindana na Chiriku hata alipokuwa mzima.

Jumatano na Alhamisi Lurline alizunguka na gari la mumewe, lile la kubebea mizigo lenye mlango wa rangi tofauti. Kwa Mchele alimkuta mke wake, Bi Isadora, akimenya kamba kwa ajili ya wali mwekundu. Aliposikia jina la Cornelius, Bi Isadora aliacha kumenya. Alisema siku ya harusi mchungaji alilitaja jina hilo, naye akadhani amefungua ukurasa wa watu wengine. "Miaka thelathini na nane," alisema, "nampikia Cornelius na sina habari." Mchele alitia sahihi akiwa amekunja uso, na kabla Lurline hajatoka uani alisikia Bi Isadora akiita kwa sauti tamu, "Cornelius, maji ya kuoga tayari."

Kijiko alitaka kujua kama kodi itapanda akifa. Usingizi alitia sahihi amelala kwenye machela yake ya kamba chini ya mti, akasema jina la kitabuni ni refu mno kwa mtu aliyesimama. Mama mmoja aliandika, akafuta, akaandika tena, akasema mkono umelisahau. Kila sahihi ilipopatikana Lurline alirudi garini akipiga usukani na kuimba namba iliyobaki. Alhamisi jioni watu wote walikuwa wakiimba naye, hata wale wanne waliomfungia mlango walitoka barazani kuuliza imefika ngapi.

Imebaki moja, aliwaambia. Imebaki Kobe.

Kwa Kobe alikuwa ameshakwenda mara mbili. Jumatano alimpelekea pai ya viazi vitamu, akaila, akakataa. Alhamisi alikwenda mikono mitupu, akakataa tena. Na sababu yake tuliijua sote. Mwaka 1956 baba yake aliletewa karatasi na mtu aliyevaa kofia nzuri, akaambiwa ni ruhusa ya kukata misonobari, akatia jina lake la kitabuni. Kumbe ameuza shamba lote la ukingo wa mto. Leo pana lango na mlinzi, na watu wanapiga mpira mdogo kwa fimbo. Tangu hapo Kobe hakuliandika jina lake la kitabuni popote. Wageni wakimuulizia kwa jina hilo huwajibu kwa upole kwamba mtu huyo alihamia Savannah.

Ijumaa saa nane mchana Lurline alikwenda mara ya tatu. Safari hii nami nilikuwa naye garini. Siku ilikuwa kavu, anga safi, upepo wa kaskazini wa kwanza wa msimu. Kobe alikuwa uani anachemsha karanga kwenye sufuria kubwa.

"Umekuja tena," alisema.

"Nimekuja tena, Kaka Kobe."

"Na pai?"

"Pai umeila juzi."

"Basi na sahihi nimeitoa mwezi wa nane. Niliandika Kobe. Mimi ni nani, mbuzi?" Alikoroga karanga zake. "Jina la kapuni haliuzi shamba, Chiriku. Hilo ndilo ninalokupa."

Lurline alikaa juu ya gogo. Akanyamaza. Dakika ikapita nzima, karanga zikatokota, na Kobe akaanza kumtupia jicho.

"Unaumwa?"

"Siumwi." Alikunja mikono magotini. "Mwezi wa pili ulikimbia wewe, kaka. Mume wangu yu hai kwa miguu yako. Sasa niambie, ukianguka wewe, atakimbia nani? Wardell? Mimi na goti hili?"

Kobe aliacha kukoroga. Aliitazama njia, kutoka uani kwake mpaka inapopotelea chini ya mialoni kuelekea barabarani. Ni mbali kuliko inavyoonekana, na yeye ndiye anayejua, maana ndiye aliyeikimbia.

"Hicho kibao," alisema mwishowe, "kitaandikwa nini?"

Lurline alitoa ukurasa wa nyuma, ule wa majina ya njia alioutanguliza kaunti, wenye mhuri wa kupokelewa wa mwezi wa nane. Kaunti ilikuwa imeziita njia zetu kwa herufi, na yeye alikuwa amezikata herufi zote akaandika majina. Kobe alisogeza karatasi mbali na uso, kisha karibu. Mstari wa pili ulisomeka Njia ya Kobe.

"Nani amesema?"

"Mimi. Kabla hujaanza kunitesa."

Alisoma tena. Midomo yake ilicheza. "Basi karatasi ichukue jina lile," alisema, "nguzo ichukue hili. Lete kalamu."

Lakini hakuitwa Kobe bure. Kwanza alitaka kunawa mikono. Kisha miwani, nayo ilikuwa kwenye mfuko wa koti la kanisani. Kisha akasoma kurasa zote tisa, kuanzia ya kwanza, akitaka kujua kila mstari, huku Lurline akitembea kuzunguka sufuria. Alipomaliza aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule ya zamani, kila herufi na mkia wake. Jina lenyewe siliandiki hapa. Niliahidi.

Ilikuwa saa tisa na robo.

Kati yetu na mji wa kaunti kuna daraja moja, lile linalozunguka kupisha mashua. Tulifika saa tisa na dakika thelathini na tatu, na kengele ikalia mbele yetu, kizuizi kikashuka. Mashua ya starehe yenye mlingoti mrefu ilikuwa ikija, ikijivuta kana kwamba Ijumaa ni yake peke yake. Lurline alishuka garini, akaenda mpaka kwenye kizuizi, akapunga karatasi zake akimpigia kelele mwenye mashua akanyage mafuta, kuna watu wanataka mwanga. Yule bwana alivua kofia akampungia kwa furaha. Akapunguza mwendo ili amsalimie vizuri.

Dereva wa gari la nyuma yetu, mtu wa mjini asiyetujua, alimuuliza mama huyu anakimbilia nini. Lurline alimweleza yote, kuanzia Wardell mpaka Kijiko, na daraja liliporudi mahali pake yule mtu alitoa kichwa dirishani akawaambia walio mbele wampishe.

Tuliingia ofisini saa kumi kasoro dakika tisa. Bi Kimbrell alitoa rula. Alianza ukurasa wa kwanza, akapitisha rula jina kwa jina, midomo ikihesabu. Alipofika kwa Kobe alifungua kinywa kulisoma, na Lurline akamshika mkono akamwomba alisome moyoni. Bi Kimbrell alimtazama, akalisoma moyoni, akaweka alama.

Kisha akahesabu tena. Kisha akaweka rula chini.

"Mama, nina arobaini na saba."

Lurline alisema haiwezekani. Alizitaja sahihi zote kumi kwa vidole, na ya kumi na moja ni ya nyumbani kwake. Bi Kimbrell alizungusha ukurasa wa kwanza umwelekee, akaweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa, pale penye kitone chekundu cha Jumanne.

"Kiwanja namba saba. Hapa pameandikwa Chiriku Bligen," alisema. "Huyu ni nani?"

Lurline alikiangalia kitone kile, na nikaona uso wake ukipita kutoka kutoelewa kwenda kwenye kuelewa, polepole, kama jua linapotoka kwenye wingu. Wardell na kidole chake. Sa-ba.

"Ni mimi," alisema.

"Nawe pia hukuwepo duniani, mama?"

Lurline alianza kucheka, Bi Kimbrell naye akashindwa kujizuia. Lakini rula ni rula: alitaka kuona kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa garini. Sijawahi kumwona mwanamke wa miaka sitini na mitano mwenye goti bovu akishuka ngazi zile namna ile. Alirudi anahema, kilemba kimelala upande, akainama mezani akatafuta penseli kila mahali. Bi Kimbrell alimpa kalamu yake mwenyewe. Lurline Capers Bligen, aliandika, majina yote matatu, makubwa kama ya kwenye bango.

Mhuri uligongwa saa kumi kasoro dakika moja. Arobaini na nane.

Baraza lilipitisha mwezi uliofuata, na nguzo zikaja kabla ya Pasaka, lakini siku ile hatukuyajua hayo na hatukuhitaji kuyajua. Tulirudi tukipiga honi kuanzia darajani. Watu walikuwa wamesimama kando ya njia, na Kobe alikuwa mbele yao na bakuli la karanga za moto. Lurline alipoingia jikoni alisimama mbele ya Wardell mikono kiunoni, akamweleza kuhusu namba saba. Wardell alimngoja mpaka amalize, jambo lililochukua muda.

"Ni-li-ku-ambia," alisema.

Kesho yake, Jumamosi, umande mzito, baridi kidogo, Lurline aliamka kabla ya chai. Alichukua jembe na fyekeo akaenda mpaka mdomo wa njia, akafyeka majani yaliyofika kiunoni, akachimba shimo dogo na kusimika mti wa mwerezi wenye kitambaa cheupe, ili mafundi watakapokuja wajue pa kuweka kibao. Kobe alitoka na kiti chake, akautazama mti ule kwa muda, akamwambia ausogeze hatua mbili kushoto, mwaloni usije ukakifunika kibao. Akausogeza.